Simu Nayo Ipige Hodi

Ujinga wa kwanza nilioufanya na simu ni huu: niliazimisha wimbo wa mama yangu, halafu nikaenda kuudai urudi. Nimeanza nao mwenyewe, kwa hiari yangu, kwa sababu dada yangu Anifa akiwahi kuusimulia atautia chumvi, na mkono wa Anifa kwenye chumvi tunaujua wote tunaokula chakula chake.

Juzi huyo huyo Anifa alikuwa uani anasaga msiro. Mimi niko barazani, kichwa nimekizamisha kwenye simu, natazama video ya mtu anayeanguka kutoka juu ya punda. Nilikuwa nimeshaitazama. Nilikuwa naitazama tena nihakikishe kama bado anaanguka. Ndipo harufu ikaja. Kijiti cha msiro kikisuguliwa juu ya jiwe lenye maji hutoa harufu ya mti uliolowa mvua, na ndani yake kuna kitu kama chaki mpya. Uji wake mweupe ndio wanawake wa kwetu hujipaka usoni, wengine kwa urembo, wengine kwa jua, na mama yangu kwa kiburi. Nikaiweka simu chini, punda na mtu wake wakaendelea kuanguka peke yao. Mimi nilikuwa nimesharudi darasa la nne, mbele ya uso mweupe wa mama.

Wakati ule gesi ndiyo kwanza inagunduliwa. Wakubwa walisema imegunduliwa chini ya bahari, lakini sisi watoto tuliigundua kila mahali: redioni, kisimani, msikitini baada ya sala, kwenye ugomvi wa watu wawili walioanza kugombania kuku. Mimi kwa akili zangu nilijua gesi ni samaki. Baba alikuwa dago, kambi ya wavuvi huko kisiwa cha Macaloe, na kila akirudi alisema kuna meli za wageni zinazowafukuza wasitege nyavu karibu. Nikapiga hesabu yangu: kitu kiko baharini, kinatafutwa na meli kubwa, na wavuvi wanakatazwa wasikiguse. Kama si samaki ni nini? Nilimwonea huruma huyo samaki. Nilidhani Afungi, ng'ambo ya ghuba yetu, wanajenga uzio ili wakishamvua asitoroke.

Mjomba wetu alipata kazi huko Afungi, jikoni kwenye kambi ya wajenzi, akimenya viazi. Viazi vile vilimnunulia simu mpya, na ile ya zamani akamletea mama. Ilikuwa ya vibonye, kioo kina ufa, mgongo umefungwa kwa mpira ili betri isitoke kutembea. Lakini ilikuwa inarekodi, inapiga muziki, na ilikuwa na blutuu, ile ya kukutanisha simu mbili zikapeana vitu bila waya. Maneno yake yote yalikuwa ya Kireno. Mama Kireno chake kilikuwa bom dia, yaani habari za asubuhi, na kuanzia hapo anachoka. Basi mimi, mwana wa darasa la nne, nikateuliwa waziri.

"Waziri," mama ananiita, "nipigie mjomba wako."

"Waziri, hili jambo linalolia linataka nini?"

"Linataka kula, mama. Chaji."

"Mpeleke akale. Na usipite uwanjani."

Nilipita uwanjani. Mtu anapewaje uwaziri asipite uwanjani?

Sasa nieleze kilichokuwa hatarini, maana bila hicho utaona watu wazima wanagombania kelele tu. Kijiji chetu kilikuwa na vikundi viwili vya tufo, ile ngoma ya wanawake ya kukaa na kuinua mabega, matari yakilia, wote wamevaa kapulana, vitambaa vya kujifunga, za rangi moja. Kimoja ni Nia Moja, cha mama. Cha pili ni Boa Sorte, yaani bahati njema, cha upande wa msikitini, na mtunzi wao alikuwa Bi Zaituni, mwanamke ambaye hata kikohozi chake kilikuwa na vina. Kila Idi Kubwa vikundi vilikutana uwanjani, na kila kimoja kilitoa wimbo mpya ambao hakuna aliyeusikia. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yenyewe. Wimbo ulifichwa kama bibi harusi. Mazoezi yalifanywa uani, leso zimetundikwa mlangoni, na ukiwa mwanachama ukauimba kisimani kwa kusahau, unatozwa faini na kuitwa redio mpaka uzeeke.

Mwaka ule mtunzi wa Nia Moja alikuwa amehamia Mtwara kwa mwanawe, na mama akasema atatunga yeye. Watu wakacheka. Mama yangu si mtu wa pwani. Alizaliwa Awasse, kule barabara zinapoachana, baba akamwoa akamleta huku kwenye mchanga. Miaka yote ile, ana watoto wawili na kisima anakijua kuliko vyura wake, bado walimwita Mama wa Njia Panda. Na Bi Zaituni alisema, mbele ya watu, sokoni: "Wimbo wa bara? Mtausikia unanuka muhogo."

Mama alinunua samaki wake akaondoka. Lakini jioni ile alisaga msiro kwa nguvu mpaka jiwe likalia.

Watoto walifukuzwa kwenye mazoezi isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa mtu wa moto. Ngozi ya tari ikinywa hewa ya bahari inalegea, haina sauti. Lazima ioteshwe moto ikaze. Basi nilikaa pembeni na makumbi ya nazi yangu, napuliza, macho yanatoka machozi, na masikio yako wazi. Mama alisimama mbele, uso mweupe kama mwezi, akaimba:

*Minazi yetu imepakwa rangi nyekundu,*
*mkwe hajaja, posa hatujaiona.*
*Enyi mliopamba minazi,*
*ni harusi ya nani?*

Kila mtu alikuwa ameiona ile rangi. Watu wa kupima walikuwa wamepita mashambani mwetu, upande unaoelekea Afungi, wakitia alama kwenye miti, na hakuna aliyetuambia alama ile inasema nini. Ulipokwisha, Bi Muanema, mpigaji tari mkubwa wa Nia Moja, akafuta jicho akasema ni moshi. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye moshi.

Nilikuwa najivuna mpaka naumwa tumbo. Siku iliyofuata, chuoni tunakosoma Kurani, rafiki yangu Bacar, mjukuu wa Bi Zaituni, aliniuliza kama mama ameshapika ule muhogo wake. Watoto wakacheka hadi mwalimu akashika fimbo. Nikajisemea: haya. Mazoezi yaliyofuata waziri aliingia na simu ndani ya mfuko wa shati, imeshabonyezwa irekodi.

Nilimchezea Bacar ule wimbo nyuma ya vichanja vya kuanikia mbata. Alianza kusikiliza anatafuna, akaacha kutafuna. Ulipokwisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Nipe." Na mimi, wallahi, kwa furaha ya ule mdomo wake uliofunguka, nikampa. Alikuwa na simu ya nyanya yake. Tukazikutanisha migongo kama mbuzi wanaokunana, ikaenda.

Hapa ndipo unipe akili ya mtoto. Nilijua kupa ni kupa. Nikikupa embe, mimi sina embe. Nilidhani wimbo umetoka kwangu umeenda kwake. Hata niliona simu imekuwa nyepesi mfukoni. Nilipofika nyumbani nikamkuta mama anakuna nazi, anaimba ule wimbo kwa pua tu, midomo imefungwa, asije akausikia jirani. Nikaganda. Yeye anauficha hata kwa nazi, mimi nimeugawa kwenye mbata.

Nikarudi mbio.

"Bacar, nirudishie wimbo wetu."

"Umeshanipa."

"Nilikuazima."

"Hukusema azima."

"Sasa nasema. Rudisha, we, mama ataniua na wewe utakuja kula pilau ya maziko yangu bila nyama."

Bacar alikuwa mtoto aliyelelewa. Akakutanisha simu, akaurudisha. Kisha akashika mkono wangu. "Ngoja. Siwezi kukurudishia hivi hivi. Nyanya anasema sahani ya jirani hairudi tupu."

Na ni kweli, kwetu hairudi. Jirani akikuletea sahani ya wali, unarudisha na ndizi, na papai, hata chumvi kidogo. Sahani tupu ni tusi. Basi Bacar, kwa adabu zake zote, akatafuta kwenye simu ya nyanya yake kitu cha kunitilia, akanitilia wimbo mpya wa Boa Sorte. Nyanya yake alikuwa anajirekodi ili asisahau vina.

Nilirudi nyumbani tajiri. Nikakaa chini ya dirisha, nikafungua nione mali yangu. Wimbo wao upo. Wimbo wetu upo. Na chini yake wimbo wetu upo tena. Nikatazama sana. Nikafikia uamuzi wa kisayansi kwamba, kule ulikolala kwa Bacar, wimbo wetu umezaa.

Kwa nini nilienda kusema? Kwa sababu nilidhani nimeleta neema. Kesho yake jioni, mazoezi yalipopumzika na wanawake wanakunywa maji, nikasimama kando ya makumbi yangu nikatangaza: "Mimi ninao wimbo wa Boa Sorte."

Ukimya ule sijausikia tena mpaka leo, hata kwenye mtihani wa hisabati.

"Umeupata wapi?" mama aliuliza.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, na mikono: nilivyotoa, alivyorudisha, sahani, wimbo ulivyozaa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo sura zilivyobadilika, na mimi nikadhani ni mshangao.

Anifa, aliyekuwa darasa la saba na anajua kila kitu kinachokera, akasema, "Mjinga we. Ukituma haitoki kwako. Na akirudisha haitoki kwake. Wanao mpaka sasa."

"Kaurudisha!" nilisema.

"Kakutumia mwingine. Wake anao."

Hapo ndipo nilipoelewa, na natamani ningeelewa nikiwa peke yangu.

Bi Muanema aliweka kikombe chini. "Basi hakuna la kusubiri. Wametuona uchi, na sisi tuwaone. Weka huo wimbo, mtoto, tusikie."

"Weka, weka!" wakasema wote, na wengine wameshasogea.

Kidole changu kilikuwa kwenye kibonye. Mama akaichukua ile simu mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayemwondoa mtoto mchanga karibu na moto.

"Hapana."

"Mama Anifa, wao wa kwetu wanao!"

"Wanao. Mimi nimesemwa kuwa natoka bara, nanuka muhogo. Nikiusikiliza huu nitanuka wizi. Muhogo ni afadhali."

Akaenda jikoni. Akatoa sahani yake ya maua, ile ya wageni, akaiweka simu katikati, akaifunika kwa kawa la ukili. Akanitwika. "Twende."

Tulipita kijijini kweupe, jua bado lipo, mama mbele na uso wake wa msiro, mimi nyuma na sahani kichwani. Kila baraza iliuliza.

"Mama Anifa, mmepika nini leo?"

"Maneno."

"Yameiva?"

"Yameungua."

Bi Zaituni alikuwa ameketi mlangoni anasuka ukili. Nilimwamkia shikamoo, sauti ikatoka kama ya panya. Mama akaweka sahani mbele yake. Bi Zaituni akafunua kawa kwa furaha ya mtu anayetarajia samaki, akakuta simu yenye ufa imefungwa mpira.

Aliitazama. Akanitazama mimi. Akaita ndani, "Bacar!" kwa namna ambayo nilijua Bacar naye ameshakwisha.

"Ndani yake mna wimbo wako," mama alisema. "Mjukuu wako kamtilia mwanangu kwenye sahani. Sijausikiliza."

"Huna masikio?"

"Ninayo. Nimeyaweka kwa ajili ya Idi."

Bi Zaituni akasuka mshono mmoja, mwingine. "Wako mimi nimeusikia," akasema. "Mara moja tu."

Mama alimwangalia tu usoni.

"Basi, mara nyingi." Akatupa ukili chini. "Mwanamke we, ule mstari wa minazi umeutoa wapi? Mimi naiona ile rangi kila siku nikienda shamba, naipita tu kama kipofu. Harusi ya nani! Nimekosa usingizi kwa hasira."

Hiyo ndiyo sifa ya kwanza mama yangu kuipata katika kijiji kile, na ilitolewa kama matusi. Mama alishika pindo la leso yake akalikunja, akalikunjua. Mimi niliuona mdomo wake ukivutika kidogo upande mmoja, msiro ukapasuka ufa kama wa simu.

Wakakubaliana tufute. Mimi na Bacar tukakalishwa mkekani na simu zetu kama watoto wa jando, wakubwa wametusimamia. Simu ikaniuliza, kwa Kireno chake, *Apagar?* Nifute? Nilifuta wa Boa Sorte kirahisi. Kisha nikafika kwa wa mama. Kidole kikakataa. Ilikuwa sauti yake, na moshi wangu ulikuwa umo humo ndani, unasikia kabisa makumbi yanavyopasuka. Nikabonyeza *Sim*, ndiyo. Ile nakala pacha nayo ikauliza, nikabonyeza tena. Bacar naye akafuta. Nikalia. Bacar akalia kwa kunisindikiza, kwa sababu sahani hairudi tupu.

Laiti ingeishia hapo. Lakini Bacar, kabla ya yote hayo, alikuwa ameshaupeleka uwanjani. Wimbo ulikuwa na wajukuu. Asubuhi iliyofuata mama alipokwenda kisimani, vitoto visivyojua kujifuta pua vilikuwa vinaruka kamba vinaimba: *Mama Anifa kapakwa rangi, ni harusi ya nani?* Nilikuwa nyuma yake na kidumu. Mama aliweka ndoo chini. Akavisikiliza mpaka mwisho, hakuvikemea. Akateka maji, akajitwika, na njia nzima shingo yake ilikuwa imenyooka kupita ndoo yenyewe.

Nyumbani akawaambia wenzake: ule hauimbwi tena. Idi iko karibu, nao hawana wimbo.

"Sasa tutacheza nini?" Bi Muanema akauliza. "Tutakohoa?"

"Nitatunga."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

Mimi nilingoja fimbo. Niliitamani, fimbo inaisha. Badala yake mama akaketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akaniwekea kigoda mbele yake. "Kaa. Nifundishe huyu mnyama."

"Mnyama gani?"

"Si yuko mfukoni mwako? Nimemfuga ndani ya nyumba yangu, nimempa chakula, simjui tabia. Kosa ni langu na lako. Anza."

Basi nikamfundisha. Nilimwonyesha pa kurekodi, pa kutuma, pa kufuta. Aliuliza maswali ambayo mimi waziri sikuwahi kujiuliza.

"Nikituma kwako, changu kinabaki?"

"Kinabaki."

"Na wewe ukimpa mwingine, mimi nitajua?"

"Hutajua."

"Nikifuta changu, vyako vinafutika?"

"Havifutiki, mama."

"Kwa hiyo anayepewa hawezi kurudisha hata akitaka." Nazi ikawa inashuka kwenye bakuli, kraa, kraa. "Na anayerekodiwa anajuaje kwamba anarekodiwa?"

"Hajui. Labda umwambie."

"Wewe uliniambia?"

Nilitazama nazi.

"Mtu akija nyumbani kwangu kuomba kaa la moto," mama alisema, "anasimama nje anapiga hodi. Kaa la moto! Wewe umeingia kinywani mwangu na viatu."

Akaendelea kukuna. Baada ya muda mkono wake ukapata mwendo, na ule mwendo nikaujua, maana miguu yangu ilianza kutikisika yenyewe. Alikuwa anatunga. Mbele yangu, juu yangu, na mimi mwenyewe nikiwa nimetoa vifaa.

Siku ya Idi uwanja ulijaa mpaka kwenye michongoma. Boa Sorte walianza. Wimbo wao ulikuwa mzuri, nao mama aliusikiliza kwa mara ya kwanza, amekaa mbele, masikio aliyoyaweka akiyatumia yote. Nilimtazama Bi Zaituni: hakugusa hata neno moja la minazi. Angeweza. Angetujibu kabla hatujafungua mdomo na uwanja ungecheka. Hakugusa.

Kisha Nia Moja wakakaa mkekani, kapulana za manjano, nyuso nyeupe, matari niliyoyaotesha mwenyewe yamekaza kama kengele. Watoto wa uwanjani walishaanza kunong'ona ule wa zamani, wanachekana. Mama akafungua:

*Nilikupa sahani, ilirudi na samaki,*
*nilikupa sauti, hata leo hairudi.*
*Waziri wangu mdogo kauza hazina,*
*hakuuza kwa fedha, kauza kwa sifa.*
*Mlango tuna komeo, kinywa hakina:*
*mgeni mwambieni, simu nayo ipige hodi.*

Uwanja mzima ulinigeukia. Walionijua walinionyesha kwa wasionijua. Kuna bibi alicheka mpaka akashikiliwa. Na mimi? Aibu ilinipanda hadi masikioni, ikakaa huko kidogo, halafu ikageuka, sijui vipi, nikajikuta natabasamu kama mtu aliyeposwa. Nilikuwa ndani ya wimbo! Wangapi darasa la nne wameimbwa? Kiitikio kilipokuja mara ya tatu watu wote walikuwa wanaitikia *ipige hodi*, na wale watoto wa kamba ndio waliopayuka kuliko wote.

Ndipo Bi Zaituni akainuka. Akapita katikati ya uwanja na mwendo wake wa kutohimizwa, akavua leso ya mabegani mwake, mpya, ya Idi, akamvisha mama. Kumtunza mtunzi wa kikundi chako ni kawaida. Kumtunza wa wapinzani, sijapata kuona tena.

"Mtunzi wa pwani," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka michongomani. Basi. Tangu siku ile sijasikia mtu akitaja njia panda.

Nyie wenzangu wa rika hili mnajua simu zilivyokuja baadaye, na kamera zake, na makundi ya kutumiana mpaka kikohozi. Vijiji vingine vimegombana, mabinti wamechafuliwa majina, ndoa zimevunjika kwa kipande cha video. Kwetu pia yapo, sisi si malaika. Lakini njoo utembee kwetu uinue simu mbele ya mtu. Utasikia mtoto wa miaka mitano anakwambia, "Hujapiga hodi." Na kweli watu hupiga. Unainua simu, unasema hodi, mtu anajibu karibu, au anasema "wenyewe hawapo", na wewe unashusha mkono. Kwenye harusi ya Anifa mpiga video aliyetoka mjini alichanganyikiwa: kila akielekeza kamera, wanawake wanamngoja aseme neno, yeye halijui.

Mwezi uliopita mkurugenzi wa shule alinikamata darasani na simu chini ya dawati (yule wa punda, tena) na adhabu yake ikawa niende nikaongee na watoto wa darasa la sita juu ya matumizi mema ya simu. Mimi! Ni kama kumpa paka mhadhara wa samaki. Niliwaambia hadithi hii, nikawaacha waulize maswali. Kasichana kamoja mbele kakauliza, "Na ule wa minazi, ulipotea kabisa?" Nikasema ninao. Wakapiga kelele niucheze. Nikawaambia siwezi, mwenyewe hajawakaribisha. Walinichukia, na nilitoka pale natembea kama mkuu wa wilaya.

Niliupataje, ikiwa niliufuta mwenyewe kwa kidole hiki? Ilikuwa kesho yake ya Idi ile. Kila nakala niliyoijua ilikuwa imefutwa, na ya uwanjani ilikuwa imeharibiwa maneno. Mahali pekee ulipobaki mzima ni kichwani mwa mama. Alikuwa jikoni, leso ya Bi Zaituni bado iko mabegani, kwenye joto lote lile la kuni. Mimi nikasimama nje ya mlango, nyumba yetu wenyewe, mlango nisiowahi kuuheshimu maishani, simu nimeishika kwa mikono miwili.

"Hodi, mama."

Sufuria ikanyamaza. "Nani anapiga hodi kwake?"

"Mimi. Na simu. Tunaomba ule wa minazi. Ni wa kukaa humu tu, simpi mtu."

Nilisikia akiweka mwiko chini. Kisha nikasikia jiwe likivutwa, maji yakimiminwa kidogo, na ile harufu ya mti uliolowa mvua ikatoka mlangoni kabla yake.

"Karibu, baba," mama alisema. "Ila ngoja nijipake msiro kwanza, nisije nikakupa wimbo na uso mtupu."